Kaunta Buku ya Waliotutangulia: Umoja wa Wahitimu Unamsaidiaje Mwanafunzi?



Nilipokuwa mwaka wa pili nilikuwa naibu waziri wa malazi na ustawi katika serikali yetu ya wanafunzi. Cheo kinasikika kikubwa, lakini kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiti cha plastiki na kusikiliza shida za watu. Wiki ya tatu ya semista akaja binti wa mwaka wa kwanza, katokea Sumbawanga. Mkopo alikuwa amekosa. Baba yake alishafariki, ila kwenye maombi hakuambatanisha cheti cha kifo. Alijazia fomu stationari ya mjini kwao na hakuwa na mtu wa kumwelekeza. Hapa chuoni alikuwa anabebwa, analala mzungu wa nne na msichana mwingine kwenye kitanda cha mtu mmoja. Ili usajili wake ukamilike alihitaji shilingi 480,000, na dirisha lilikuwa linafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Tukafanya tunachokijua. Tukapitisha boksi la karatasi madarasani. Baada ya siku tatu tulikuwa na shilingi 137,500, nyingi zikiwa sarafu. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Wanafunzi wenyewe walikuwa wanasotea bumu.

Jumatano, siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, nilikuwa natafuta mhuri kwenye kabati la ofisi nikakuta kaunta buku kuukuu yenye jalada jeusi. Ndani kulikuwa na majina ya watu waliomaliza hapa kati ya mwaka 2001 na 2005: jina, kozi, mkoa, sanduku la posta, simu. Kuna mtu aliwahi kukaa akayaandika kwa mwandiko mzuri, mistari kachora kwa rula. Baada ya 2005, kurasa tupu hadi mwisho. Nikapiga namba ya kwanza, haipo. Ya pili, haipo. Zote zilianza na 0744 au 0748. Nilikuwa nakaribia kuirudisha kabatini pale mama mmoja wa uhasibu alipopita, akachungulia, akacheka. "Mwanangu, hizo zilibadilishwa zamani. Weka 0754 na 0784."

Tulipiga namba 41. Sita zilipokelewa na wenyewe. Mmoja wao ni dada aliyemaliza mwaka 2003, sasa yuko Mwanza. Nilimwamkia, nikajieleza, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja: "Sasa mdogo wangu, miaka yote hii mlikuwa wapi?"

Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba sisi ndio wenye haki ya kuwauliza wao swali hilo.

Usiku uleule dada huyo aliunda kundi la WhatsApp la darasa lake. Ilibidi watafutane kwanza, maana wengine walikuwa hawajaongea tangu mahafali. Alhamisi ya wiki iliyofuata walituma shilingi 1,260,000. Lakini dirisha lilikuwa limeshafungwa siku sita nyuma, na binti alikuwa ameshapanda basi Jumamosi alfajiri, kawaachia wenzake ndoo na ndala. Hakuwa ameandika barua ya kuahirisha masomo, kwa hiyo ilibidi aombe chuo upya mwaka uliofuata.

Fedha zilikuwepo na watu wenye moyo walikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuwafikia mapema. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza juu ya umoja wa wahitimu: ni kitu gani, kinafanyaje kazi, na kwa nini kwa wengine kinafanya kazi kuliko kwetu. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza.

Jina lenyewe linatufundisha

Vyuo vikuu vyetu vingi vya umma vina chombo kinachoitwa Baraza la Masajili. Wengi wetu tunalisikia jina hilo mara moja tu, kwenye mahafali, tunalipigia makofi bila kujua ni nini. Ukilitazama vizuri neno lenyewe utaona mzizi wake ni "sajili". Ni baraza la watu ambao majina yao yameandikwa kwenye rejista ya chuo kwamba walisoma wakahitimu. Msingi wake, kabla ya fedha na kabla ya sherehe, ni orodha ya majina.

Pembeni ya baraza hilo huwa kuna vyama vya hiari: umoja wa waliosoma kitivo fulani, waliokaa bweni fulani, walioimba kwaya moja au waliocheza timu moja. Baraza la Masajili linatambuliwa na kanuni za chuo. Vyama vya hiari vinasimama kwa nguvu za wanachama wenyewe. Vyote viwili vinahitajika. Cha kwanza kina mlango wa kuingilia kwenye vikao vya chuo, cha pili kina joto la watu wanaojuana kwa majina ya utani.

Ulianza kama mkutano wa kuokoa chuo

Umoja wa wahitimu unaotajwa kuwa wa zamani kuliko yote ni wa Chuo cha Williams, katika mji mdogo wa Williamstown, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1793. Mwaka 1821 rais wake, Zephaniah Swift Moore, aliondoka na sehemu ya wanafunzi kwenda kwenye chuo kipya kilichoanzishwa Amherst. Wengi waliona Williams ndiyo basi tena. Mwaka huohuo waliowahi kusoma pale wakakutana na kuunda umoja ili chuo chao kisife. Hakikufa, kipo hadi leo.

Nimekileta kisa hiki kwa sababu moja. Sisi tunauona umoja wa wahitimu kama klabu ya watu waliofanikiwa, wanaokuja na suti kuturushia chenji. Pale ulipoanzia ulikuwa mkutano wa watu wenye wasiwasi. Walijua chuo kikifa na cheti chao kinabaki karatasi ya shule isiyokuwepo. Mhitimu ana maslahi yake katika chuo. Chuo kikipata sifa nzuri, cheti chake kinapanda thamani. Kikichafuka, naye anachafuka. Ukienda kumwomba, nenda ukijua hilo. Hali ya chuo inamhusu na yeye.

Fedha: mfano wa kamati ya harusi

Mwaka 1890 wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walianzisha mfuko wa michango ya kila mwaka. Wazo lao lilikuwa jepesi: badala ya kumsubiri tajiri mmoja atoe fungu kubwa, kila mhitimu aombwe kitu kidogo kila mwaka. Na anayeombwa aombwe na mtu wa darasa lake, kwa sababu barua ya ofisi ni rahisi kuitupa, ila mtu uliyekaa naye dawati moja ni vigumu kumkwepa.

Ukifikiri kidogo utaona kwamba Watanzania hatuna haja ya kufundishwa jambo hili. Ni kamati ya harusi. Tuna mwenyekiti, tuna mweka hazina, tuna kundi la WhatsApp, tuna orodha inayoandikwa upya kila jioni: fulani kaahidi laki moja, kapunguza elfu hamsini, bado elfu hamsini. Ndani ya miezi miwili mamilioni yanapatikana kutoka kwa watu wenye mishahara ya kawaida. Tunachokikosa kwa upande wa chuo ni ile orodha na yule mweka hazina.

Tupige hesabu. Tuseme chuo kinatoa wahitimu 3,000 kwa mwaka, na wahitimu wa mwaka mmoja tu wakakubaliana kutoa shilingi 1,000 kila mwezi. Hiyo ni milioni 3 kwa mwezi, milioni 36 kwa mwaka. Ada ikiwa milioni 1.5, ni ada ya wanafunzi 24. Najua wote hawatatoa. Basi chukua robo yao: milioni 9, wanafunzi sita. Na hapo ni mwaka mmoja wa wahitimu, bado hujaongeza walioutangulia na watakaoufuata.

Ila fedha za wahitimu haziingii kwenye mfuko mmoja, na hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya. Kuna mifuko ya aina tatu.

Wa kwanza ni mfuko wa ufadhili. Huu humlipia mwanafunzi mmoja ada ya mwaka au ya kozi nzima. Una fomu, una usaili, una vigezo. Ni mzuri, lakini ni wa polepole.

Wa pili ni mfuko wa kudumu. Hapa fedha yenyewe hailiwi, kinacholiwa ni faida yake. Tuseme umoja umekusanya milioni 100, ukanunua hatifungani za serikali zinazolipa asilimia 10 kwa mwaka. Kila mwaka zinapatikana milioni 10 za kusaidia wanafunzi, na ile milioni 100 ipo palepale. Vyuo vikuu vikubwa vya Marekani vimejengwa juu ya mifuko ya namna hii. Inahitaji subira na wasimamizi waaminifu, maana jasho la leo litamfaa mtu ambaye bado hajazaliwa.

Wa tatu ni mfuko wa dharura. Huu ni mdogo, upo tayari, na unatoka haraka. Nauli ya mtu aliyefiwa. Miwani ya mtu aliyevunjikiwa wiki ya mitihani. Shilingi 480,000 za kukamilisha usajili kabla ya Ijumaa. Unaweza kurejeshwa kidogo kidogo mwenye shida akipata, au usirejeshwe.

Nikimfikiria yule binti wa Sumbawanga, naona mfuko wa kwanza na wa pili isingemfaa wiki ile. Wa tatu ungemfaa. Kama kungekuwa na milioni 2 tu zimekaa mahali, na watu watatu wenye ruhusa ya kuzitoa ndani ya saa 48, leo angekuwa mwaka wa pili. Kwa hiyo wahitimu wakituuliza waanzie wapi, nashauri tuwaambie hapo.

Njia: msaada usio na noti

Si kila msaada ni hela. Wale watu sita waliopokea simu, mmoja alisema wazi kwamba hana kitu, biashara imeyumba. Lakini akaongeza: "Nina ofisi Morogoro. Nitumieni watu wawili wa fildi, nitawafundisha kazi." Kwa waliowahi kuzunguka na barua ya maombi ya mafunzo kwa vitendo, kuanzia geti hadi geti, mlinzi anakwambia acha hapo utapigiwa, wanajua uzito wa sentensi hiyo.

Mhitimu anajua mambo ambayo mhadhiri hana muda wa kukwambia. Anajua kwamba kwenye usaili wa kazi hawakuulizi GPA kwanza. Anajua wasifu wa kurasa tano hausomwi. Anajua leseni gani ya taaluma uanze kuifuatilia ukiwa bado mwaka wa mwisho. Anajua pia namna ya kuishi ile miaka miwili ya kitaa, kati ya mahafali na ajira, bila kukata tamaa. Vitu hivi havina kitabu. Vinapatikana kwa mtu kukaa na mtu, na saa moja ya Jumamosi inatosha.

Na kuna jambo la hadhi ndani yake. Ukipewa hela unashukuru. Ukipewa kazi ya kufanya, ukaifanya vizuri, anayekushukuru ni yeye.

Mila: nani anakumbuka?

Sisi wanafunzi tuna udhaifu mmoja wa maumbile: tunakaa miaka mitatu au minne, tunaondoka. Kila baada ya muda huo chuo kinapoteza kumbukumbu yake yote upande wa wanafunzi. Kwa nini timu yetu inavaa rangi hii? Kwa nini wiki ya kupokea mwaka wa kwanza inaisha kwa bonanza? Muulize mtu wa mwaka wa tatu, atakwambia tumeikuta. Anayejua ni aliyekuwepo ilipoanza, na huyo ni mhitimu.

Tuwatazame wenzetu wa Mlimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wanafunzi 14, wote wa sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Walihamia kilimani mwaka 1964. Mtu akiingia leo akaona mabweni na umati, hawezi kukisia kwamba mambo yalianza na darasa linaloenea kwenye daladala moja. Habari kama hizi zinadumu kwa sababu waliokuwepo walizisimulia.

Mfano wa pili unatugusa sisi wa gazeti hili moja kwa moja. Mwaka 1969, wanafunzi wa Mlimani walianza kuchapa jarida lao, Cheche. Lilikuwa kali, lilisomwa na lilijadiliwa. Insha maarufu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania ilitoka humo mwaka 1970. Mwaka huohuo jarida likapigwa marufuku. Kwa kawaida habari ingeishia hapo, na nakala zingeliwa na mchwa. Lakini miaka 40 baadaye wahariri na wenzao wa wakati ule, wakiwa watu wazima wenye mvi, walikaa wakaandika kumbukumbu zao, na Karim Hirji, aliyekuwa mmoja wa wahariri, akazihariri kuwa kitabu kilichotolewa na Mkuki na Nyota. Mwanafunzi wa leo anaweza kusoma walivyokuwa wanakesha, walivyogombana, na walichokosea. Huo nao ni msaada wa wahitimu kwa wanafunzi, japo hauna risiti.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba kila mila ni nzuri kwa kuwa ni ya zamani. Palepale Mlimani palikuwa na mila iliyoitwa Mzee Punch, ya kuwachora na kuwaandika watu ukutani kwa siri, hasa wanafunzi wa kike. Wapo walioiona kama utani wa chuo. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa hivyo. Wanawake pale chuoni wakapaza sauti, na jambo lililoitwa utani likaonekana jinsi lilivyo.

Nalitaja hili kwa makusudi. Leo kuna kurasa za mtandaoni za "siri za chuo" zinazofanya kazi ileile kwa simu badala ya makaa ya ukutani, na anayezianzisha anadhani kabuni kitu kipya. Mhitimu wa wakati ule anaweza kuja kwenye wiki ya mwaka wa kwanza akatueleza kwa dakika 20 mwisho wa utani huo ulikuwa nini. Kulinda mila ni pamoja na kukumbuka ni ipi tuliizika, na kwa nini.

Sauti kwenye meza ya wakubwa

Msaada mwingine hauonekani kabisa. Nchini Uganda, sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 inawapa wahitimu wa chuo cha umma haki ya kuchagua wajumbe wao wa kuingia kwenye baraza kuu la uongozi wa chuo. Makerere, kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, kina wahitimu waliotawanyika Afrika Mashariki nzima. Mwalimu Nyerere na Mwai Kibaki ni miongoni mwa waliopita pale. Unaweza kuona uzito wa sauti yao ikisimama vizuri.

Mwanafunzi akilalamika kwamba maji hayatoki bwenini, anaweza kuambiwa ana fujo. Mhitimu akisema jambo lilelile, mtu mwenye familia yake na kazi yake, asiyetafuta GPA wala asiyeogopa kusimamishwa, anasikilizwa kwa namna nyingine. Simaanishi kwamba atusemee kila jambo. Ila kiongozi wa wanafunzi mwenye akili hujua ni nani kati ya wahitimu anakaa kwenye vikao, na humpelekea hoja zilizoandikwa vizuri kabla kikao hakijakaa.

Palipo na mitego

Ningekuwa nauza sabuni ningeishia hapo. Lakini kuna mambo manne yanayoharibu uhusiano huu.

La kwanza ni upendeleo. Fedha za wahitimu zikitolewa kwa kujuana, kwa kabila, dini au chama, bora zisingetolewa. Vigezo viandikwe na vibandikwe ubaoni.

La pili ni picha. Kuna watu hawatoi msaada bila kamera. Mwanafunzi anasimamishwa mbele ya bango na hundi ya kadibodi, shida yake inatangazwa. Yule binti wetu aliniomba jambo moja tu tulipopitisha boksi: jina lake lisitajwe. Tuweke utaratibu kwamba anayesaidiwa hatajwi bila ridhaa yake.

La tatu ni ubosi. Mhitimu aliyetoa milioni 5 asigeuke mwenye serikali ya wanafunzi. Uchaguzi wetu ni wetu. Tunapokea ushauri, kura tunapiga wenyewe.

La nne linatuhusu sisi: hesabu. Zile 1,260,000 zilizokuja zikiwa zimechelewa, tulikaa nazo tukajiuliza. Wapo waliosema tuzitumie kwenye bonanza. Nilimpigia dada wa Mwanza nikamwambia ukweli wote: mtu mliyemchangia ameshaondoka, fedha ziko hapa, mnasemaje? Akanyamaza kidogo, akasema: "Wekeni kwa mwingine kama yeye. Na mtuandikie." Tukawasaidia watatu, tukaandika karatasi moja, majina hatukutaja, risiti tukaambatanisha. Mwezi uliofuata likaingia fungu la pili bila kuombwa. Sijawahi kupata somo la uhasibu lililo fupi na la wazi kuliko hilo.

Sasa tufanye nini?

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Pabovu petu ni pale mtu anapovua joho. Siku ile ile ana namba ya simu, ana barua pepe, ana mapenzi na chuo. Miezi sita baadaye kabadili laini, kapata kazi Mtwara, na hakuna anayejua yuko wapi. Kwa hiyo kazi ya kujenga umoja wa wahitimu inaanza kwetu tulio bado madarasani. Napendekeza mambo haya, yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila darasa la mwaka wa mwisho lichague karani wake kabla ya mitihani ya mwisho. Si lazima awe CR. Awe mtu asiyechoka kuandika. Kazi yake ni orodha ya darasa, na kuihuisha mara moja kwa mwaka, kila Januari.

Pili, kwenye orodha tuandike na namba ya mtu wa karibu: mama, kaka, mjomba. Laini zetu zinapotea, ya mama haibadiliki.

Tatu, nakala ziwe tatu: moja kwa karani, moja ofisi ya serikali ya wanafunzi, moja ofisi ya chuo inayoshughulikia wahitimu. Na kila mtu aulizwe kwanza kama anakubali namba yake ihifadhiwe, maana hizo ni taarifa zake binafsi.

Nne, tuwaandikie wahitimu mara mbili kwa mwaka bila kuomba kitu. Tuwape habari za chuo: nani kashinda ligi, bweni gani limekarabatiwa, mhadhiri gani kastaafu. Mtu anayekutafuta siku ya shida tu, ukiona simu yake unaigeuza chini.

Tano, tuanzishe mfuko wa dharura kwa kiasi chochote. Hata 137,500 ni mwanzo. Uwe na kanuni za ukurasa mmoja, na watia saini watatu: mwanafunzi, mhadhiri mlezi, mhitimu.

Sita, kwa wewe unayemaliza mwaka huu: jisajili kwenye Baraza la Masajili wiki hiihii ya mahafali. Usiseme nitarudi nikishapata kazi. Ukiondoka bila kuandikwa, hatutakuona.

Mwisho

Binti wa Sumbawanga alirudi. Aliomba upya, safari hii cheti kikaambatanishwa, mkopo akapata. Nilikutana naye Oktoba kwenye foleni ya kafeteria, akaniamkia "shikamoo kaka", nikaona aibu kidogo, maana tungekuwa tumepishana mwaka mmoja tu na sasa tumepishana miwili. Hakunilaumu. Aliniambia kwamba amekuwa karani wa darasa lake tangu wiki ya kwanza, kaanza kuandika majina mapema, hajasubiri mwaka wa tatu.

Kaunta buku ile nyeusi sasa iko juu ya meza, haiko kabatini tena. Tumeendelea palipoishia, ukurasa unaofuata 2005. Miaka mingi katikati ina majina machache sana, wale tu tuliowapata kwa kuulizia. Kama wewe au dada yako, mjomba wako au mwalimu wako wa sekondari alisoma hapa, tuletee jina lake. Ofisi iko wazi saa nane hadi kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Alhamisi.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Jina lake limeshaandikwa kwenye kaunta buku, na namba ya mama yake.